Sweta Linalofumulika

Mimi ni mtu wa kurudia. Nikifunga mlango, nafika njiani narudi kuusukuma nione kama umefunga kweli. Nikituma ujumbe kwenye simu, nausoma upya baada ya kuutuma, na nikikuta herufi imekosewa siku yangu imeharibika. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu mambo yaliyotupata mimi na mama, katika biashara yetu ya masweta ya shule hapa Kibondo, yalitokana nusu na ushindani wa soko na nusu na tabia yangu hii. Sitaki kuificha nusu ya pili ili nionekane mfanyabiashara.

Fundi ni mama. Watu mtaani wanamwita mama sweta, na watoto wakikutana naye njiani wanasema, "Shikamoo mama sweta," kana kwamba ndilo jina alilobatizwa. Babu na bibi walikimbia kutoka Burundi, yeye akazaliwa kwenye makazi ya wakimbizi, na huko, akiwa msichana, akafundishwa kufuma kwa mashine ya mkono. Familia ilipopata uraia ikahamia huku na mashine ikaja nayo. Ni kitanda kirefu cha chuma chenye sindano zilizojipanga kama meno ya kitana, na juu yake kuna kigari ambacho mama anakisukuma kushoto, kulia, kushoto, kulia. Haihitaji umeme. Inahitaji bega.

Mimi nilimaliza kidato cha nne nikapata matokeo ya kukaa nyumbani. Ninachokijua kuhusu biashara nimejifunza kwenye simu, kwa bando la kuungaunga, nikitazama video za watu waliovaa suti wakieleza mkakati, teknolojia, ushindani, thamani ya mteja. Nilikuwa nasimamisha video na kurudia sentensi kwa sauti hadi initoke vizuri, na mama ananiuliza kutoka uani, "Unagombana na nani humo ndani?"

Kwa hiyo nilijua, au nilidhani najua, kwamba biashara ndogo katika nchi kama yetu hufa kwa sababu imebaki nyuma kwa mashine. Nilimtazama mama akisukuma kigari chake nikawa naona mtu anayezama taratibu huku akiimba. Kazi nyingine aliyokuwa akiifanya, ya kuongezea masweta ya zamani yaliyowabana watoto, hata sikuihesabu kuwa ni biashara. Niliiona ni viraka. Kila Januari baraza yetu ilijaa masweta yaliyochakaa, yananuka moshi na jasho, na mimi nilikuwa nayasogeza pembeni kwa mguu ili yale mapya yaonekane kwanza.

Halafu likaja tangazo. Shule ya msingi iliyo karibu nasi, ambayo karibu kazi yetu yote ilitoka kwa wazazi wake, ilitangaza kwamba kuanzia mwaka unaofuata watoto wote watavaa sweta la aina moja, lenye nembo ya shule, kutoka kwa muuzaji mmoja. Wanaotaka kazi hiyo walete sampuli kwenye mkutano wa wazazi kabla ya shule kufungwa. Wazazi wataziangalia na kuchagua.

Mama aliipokea habari hiyo akimenya mihogo. Hakuinua kichwa.

"Tukiikosa hii," akasema, "mashine naifunika turubai. Nakwenda kwa dada Kitanga, nikalime naye."

Dada yake yuko huko, upande wa Kasulu, na shamba lake ni kubwa kuliko nguvu zake. Mama alisema neno hilo kama mtu anayesema leo kuna mawingu. Mimi nilishindwa kula. Nilimwona kichwani mwangu, mwezi wa kumi, akiinama kwenye matuta na lile bega lake ambalo tayari lilikuwa linamuuma kila asubuhi ya baridi, na nikajiapiza kwamba haitatokea. Tatizo la mtu kama mimi kujiapiza ni kwamba ndipo ninapoanza kuharibu.

Mpinzani wetu tulimjua. Ni mwenye duka la sare pale Kasulu mjini, Muislamu wa makamo ambaye jamaa zake wa pwani wanamletea mizigo, na gari lake hupita kwetu likielekea Kakonko. Nilikwenda dukani kwake nikijifanya mnunuzi.

"Karibu, bibie. Sweta la mtoto wa umri gani?"

"Miaka saba."

"Wako?"

"Wa dada."

Akanipa. Nililigeuza ndani nje. Nikavuta mshono wa begani, nikauachia, nikauvuta tena. Nikalinyoosha dhidi ya mwanga wa mlangoni. Nililinusa pia, na mpaka leo sijui nilikuwa natafuta harufu gani. Nilipoinua macho, mwenye duka alikuwa ameegemea kaunta ananitazama kama mtu anayetazama mpira.

"Binti yangu, mnunuzi anauliza bei. Wewe unauliza mishono. Umetumwa na kiwanda gani?"

Mwanamke aliyekuwa akichagua soksi akacheka. Mimi siwezi kusema uongo mara ya pili baada ya ule wa kwanza kugundulika. "Natoka Kibondo," nikasema. "Mama yangu anafuma masweta."

"Mama sweta! Sema hivyo tangu mwanzo." Akalikunja, akalitia kwenye mfuko. "Msalimie sana. Mwambie tutaonana mkutanoni. Na hili nakupunguzia bei, hata mpelelezi anahitaji nauli ya kurudi."

Njia nzima sweta lile lilikuwa mapajani mwangu na nililichukia kwa sababu lilikuwa zuri. Kingo zake zilinyooka. Hakukuwa na uzi uliochungulia. Mama hufuma kila kipande kwa umbo lake palepale kwenye sindano, anaanza begani anashuka, mkono vivyo hivyo unaanzia juu unaishia kwenye kifundo, kisha anaviunganisha kwa sindano ya mkono na uzi uleule. Kila sweta lake linafanana na lingine kama ndugu wanavyofanana. La kiwandani lilikuwa limefumwa kama kitambaa kipana, likakatwa kwa mkasi kama shati, halafu kingo zikafungwa kwa ovaloki, ile cherehani inayokata na kuzungushia nyuzi pembeni. Ni haraka, na yote yanatoka kama pacha.

Jibu lilionekana wazi. Tukinunua ovaloki, mama anafuma vitambaa vipana bila kupoteza muda wa kupunguza na kuongeza macho, vile vitanzi vya uzi vinavyokaa kwenye sindano, mimi nakata, mimi nafunga. Tunamfikia mwenye duka palepale alipo.

Ningependa kuandika kwamba mama alisita, kwamba moyo wake ulimwonya. Haikuwa hivyo. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima, nikafika katikati akanikatiza.

"Kwani mimi sipendi kupumzika? Tuinunue."

Tuliuza mbuzi na maharage tuliyoyaweka kusubiri bei, tukaichukua kwa fundi Mkongomani aliyekuwa anafunga kazi arudi kwao. Aliipigapiga kichwani kama ng'ombe. "Hii mashini iko solidi, mama. Solidi kabisa. Miye nalia kuiachia." Hakulia. Lakini mashine kweli ilikuwa nzima, na umeme siku hizo ulikuwa umetulia kiasi.

Siku ya kukata kitambaa cha kwanza niliganda na mkasi mkononi. Tangu utoto nilifundishwa kwamba kazi ya mama haiguswi na kitu chenye makali. Jicho moja likikatika, linakimbia mpaka chini. Mama, ambaye akitaka kunituliza huniita mwanangu kwa Kirundi, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Kata, mwana wanje. Halitoki damu."

Nikakata. Na tangu hapo sikuweza kuacha. Sampuli ya kwanza shingo ilipinda kidogo, nikaitupa. Ya pili bega moja lilikuwa limepanda. Ya tatu mama alisema ni nzuri, na mimi nikaona nembo imeshonwa karibu mno na kifungo. Nilimpima mtoto wa jirani kifua, mgongo, mkono hadi kwenye kifundo, nikampima tena siku iliyofuata nikihofia nilikosea, mpaka akawa akiniona ananyanyua mikono mwenyewe. Nilitaka sweta limkae kama lilivyomkaa mtoto wa kwenye picha za matangazo, bila mkunjo.

"Ukiendelea hivi," mama akasema, "uzi wa shule nzima utaishia kwa mtoto mmoja."

Sampuli ya mwisho niliilaza mezani kando ya lile la Kasulu. Nikamwita mama, nikamwambia aonyeshe lipi letu. Akayageuza, akayapapasa, akaelekeza kidole kwenye la mwenye duka. Nilitoka nje nikalia kwa furaha. Watu wa aina yangu hawaijui sana hiyo furaha, ya kutazama kitu na kukosa cha kurekebisha.

Mkutano ulifanyika darasani, wazazi wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Mwenye duka aliingia na kofia yake nyeupe, akatoa salamu ya Kiislamu, kisha akaongeza, "Na wale wengine, Bwana asifiwe," watu wakacheka na kuitikia zote mbili. Nikaona ameshapata nusu ya kura kabla hajakaa. Masweta mawili yakawekwa mezani mbele. Mwenyekiti wa kamati akasema wazazi wapite, washike, waulize.

Mama mmoja anayeuza maharage sokoni, mwenye watoto wengi na mteja wetu wa miaka, alilichukua letu. Hakuangalia nembo. Hakuangalia bega. Aligeuza pindo la chini, akaanza kulikwaruza kwa ukucha, akizunguka polepole kama mtu anayetafuta chawa.

"Mama sweta, mwisho wa uzi uko wapi?"

"Haupo," mama akajibu.

"Haupo vipi?"

"Tumelikata, tukalifunga kwa mashine."

"Ehe. Kwa hiyo halifumuliki?"

Mama akanitazama. Sijui kwa nini alinitazama mimi, kana kwamba ningeweza kuwa na jibu jingine. "Halifumuliki," akasema.

Hapo lazima nieleze jambo ambalo kila mtu mle darasani alilijua, mimi nikiwemo. Kwetu mzazi hanunui sweta la mtoto wa leo. Ananunua kubwa, mikono inakunjwa. Mtoto akirefuka, mikono inakunjuliwa. Akirefuka tena, sweta linarudi kwa mama. Anautafuta mwisho wa uzi pale chini, anafumua pindo, anayapachika macho yaliyobaki kwenye sindano, anaendelea kufuma kuanzia hapo, vidole kadhaa vya uzi mpya, na kulifunga tena. Ndiyo maana anaanzia begani, ili mwisho ubaki mahali ambapo mtoto hukua. Likichoka kabisa linafumuliwa lote, uzi unaoshwa, unanyooshwa, unachanganywa na mpya, linatoka la mdogo wake. Nilikulia ndani ya desturi hiyo. Nililala juu ya mafungu ya uzi uliofumuliwa. Na nilikuwa nimechukua mkasi nikaikata bila kuona ninachokata, kwa sababu katika video zangu zote hakuna mtu aliyewahi kuitaja.

"Sasa mtoto akikua?" mama wa maharage akauliza.

"Utanunua jingine," nikasema mimi. Sauti ilinitoka kama ya wale wa suti.

Darasa zima likalipuka. Baba mmoja wa nyuma akapiga dawati. "Huyu bado hajazaa! Zaa kwanza, binti, uone mikono ya watoto inavyokimbia!"

Mama wa maharage hakucheka. Alilirudisha letu mezani, akalinyoosha vizuri, kwa heshima, na hilo liliniuma kuliko kicheko. "Hili ni la dukani," akasema. "Zuri, sikatai. Lakini nikitaka la dukani, si naenda dukani? La huyu bwana ni la bei rahisi."

Mwenye duka akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, sikuomba wakili, lakini nashukuru."

Nikasimama. Nikaomba turuhusiwe kuleta sampuli nyingine, ya zamani, kesho tu, hata jioni hii. Mwenyekiti akasema kwa upole kwamba sampuli ni iliyo mezani. Nikaanza kueleza tena. Nikasikia mama ananivuta gauni.

"Kaa," akasema.

Mikono ilinyooshwa kupiga kura, na mingi ilikwenda kwa mwenye duka. Mkono wa mama wa maharage ulikuwemo. Simlaumu hata kidogo. Tulimpa vitu viwili vya aina moja, akachagua cha bei nafuu. Mwishoni akauliza kuhusu masweta ambayo watoto wanayo tayari, na mwalimu mkuu akajibu kwamba yataendelea kuvaliwa, mradi rangi ni ileile na nembo imeshonwa juu yake.

Jibu hilo lilitupa muda, si maisha. Mama alilielewa kabla yangu. "Haya ya zamani yataisha," alisema tukiwa tunarudi. "Watoto watamaliza shule nayo. Baada ya hapo basi." Akampigia dada yake Kitanga, akamwambia amhesabu kwenye kilimo kijacho.

Miezi iliyofuata nilikuwa mtu wa kuhurumiwa. Niliurudia mkutano ule kichwani kila nilipokuwa peke yangu, nikibadilisha maneno yangu, nikisema jambo la busara badala ya lile la kununua jingine. Video sikuziangalia tena kwa muda. Nilipozirudia nilizisikiliza kwa sikio tofauti. Wale watu hawakuwa waongo. Waliposema biashara ndogo isiyobadili teknolojia itakufa, walikuwa wanasema kweli. Ila mimi nilisikia "badili" nikadhani maana yake ni kuwa na mashine ya yule anayenishinda. Sikujiuliza mashine hiyo itanipeleka kwenye uwanja gani. Kabla ya ovaloki tulikuwa wabovu kwenye mambo mengi lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna kiwanda cha popote kingeweza kumfanyia mzazi wa Kibondo. Baada ya ovaloki tulikuwa kiwanda kidogo kuliko vyote duniani. Na hata hivyo sikubaliani na wanaosema tatizo lilikuwa ni kutamani mashine. Mama alipenda kupumzika, na alikuwa na haki. Ovaloki tuliiuza kwa mshona magauni wa jirani na inamfaa sana.

Ulipofika msimu wa baridi, asubuhi ambazo moshi wa jikoni unakaa chini na watoto wanakwenda shule wamejikumbatia, akaja baba mmoja na sweta la dukani. Mwanawe alikuwa ameshalizidi. Mkono uliishia katikati ya kiwiko na kifundo.

"Jaribuni tu," akasema.

"Hili limekatwa," mama akamjibu. "Halina mwisho wa uzi. Nikifumua nitapata vipande vya uzi kama majani ya chai."

"Naelewa, mama sweta. Jaribuni tu."

Akaliacha. Nadhani aliliacha kwa sababu ya kukata tamaa. Nililichukua mimi, nikaketi nalo mlangoni penye mwanga. Nililijua sweta hilo kuliko mtu yeyote Kibondo; nilikuwa nimetumia wiki nzima kuliiga. Pembeni limekatwa, kweli. Lakini mkono wenyewe, kutoka ukingo hadi ukingo, ulikuwa umefumwa mstari kwa mstari kama wa mama. Nilifungua mshono wa pembeni kidogo, karibu na kifundo. Nikakata uzi mmoja tu wa mstari mmoja, juu kidogo ya pindo, nikauvuta taratibu. Pindo likaachana na mkono, na kwenye ukingo yakabaki macho, yote wazi, yamejipanga, yakisubiri kukimbia.

Nikayaokota moja moja kwa sindano ya mkono, macho ya pembezoni yaliyoumwa na mkasi nikiyaunganisha na jirani zake. Ni kazi ambayo mtu wa kawaida angeiacha baada ya nusu saa, kwa sababu jicho moja likiponyoka unarudi nyuma. Mimi kurudi nyuma ndiyo tabia yangu. Nilipomaliza nikamwita mama. Akainama, akatazama muda mrefu, kisha akaanza kuyapachika kwenye sindano za mashine. Kigari kikapita, kikarudi, na mkono wa kiwandani ukaanza kurefuka.

Rangi ndiyo iliyokataa. Uzi wetu wa bluu ulikuwa umekoza, wa kiwandani ulikuwa unaelekea kijivu. Baba wa mtoto hakujali. "Si linafunika mkono?" Akaondoka anacheka, na baada yake wakaja wengine, na wengine. Kisha mwalimu mkuu akamtuma mtu kwetu, kwa heshima, atukumbushe kwamba bluu ya sweta moja lazima iwe ileile, juu mpaka chini. Mtoto mwenye mikono ya rangi mbili si mwenye sare. Akasema atavumilia mpaka muhula uishe.

Uzi wa rangi ile ulikuwa mahali pamoja tu tulipopafahamu. Nikarudi Kasulu.

"Mpelelezi!" mwenye duka akasema aliponiona. "Leo unanusa nini?"

Nilikuwa nimekariri maneno ya kumwambia, yote yakapotea. Nikatoa sweta lake lililoongezwa, nikaliweka kaunta. Alilivuta mkono, akatazama mahali rangi inapobadilika, akaligeuza ndani kama nilivyolifanya mimi siku ile.

"Mmelifanyaje hili? Hili halifumuliki."

"Tunalifungua hapa." Nikamwonyesha. "Tunahitaji uzi wa kiwanda kilekile. Mizigo yako ikija, uje nao."

Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Ngoja nielewe, binti yangu. Nikuletee uzi, ili mzazi asirudi kununua sweta langu jipya?"

Lilikuwa swali la haki. Kitu pekee kilichonijia ni nilichokuwa nimekiona barazani kwetu.

"Harudi kwako, mzee wangu. Likimbana mtoto, anakwenda kwenye mitumba anatafuta la rangi inayokaribia. Wanatuletea hayo tuyashonee nembo. Hawanunui lako mara mbili. Wangejua lako linaongezwa, wangenunua lako mara ya kwanza."

Nyuma ya pazia, ambako mkewe alikuwa akipanga mizigo, ikatoka sauti. "Mletee uzi, mume wangu. Wajukuu zako wenyewe wanatembea mikono nje kama wapiga ngumi."

"Sikukuuliza wewe."

"Ndiyo, hukuuliza. Mletee."

Akaleta hoja zake, nami nikaleta zangu, zilizokuwa chache. Mwisho tukakubaliana. Uzi atauleta na mizigo yake, na tutaununua kwake kwa bei yake. Yeye atawaambia wateja kwamba sweta likibana linaongezwa Kibondo, na yanayotoka Kasulu na Kakonko gari lake litatushushia. Nilipiga hesabu nikiwa bado nimesimama pale na nikajua kwamba yeye atapata zaidi yetu. Atauza sweta, atauza uzi, na sifa ya kuongezwa itakuwa ya duka lake. Hilo linanisumbua hata sasa ninapoandika. Najiambia kwamba katika dunia yenye viwanda vya ukubwa ule, kupata sehemu ya kazi ambayo bila wewe haifanyiki si jambo dogo. Siku nyingine najiamini ninapolisema, siku nyingine sijiamini.

Nilirudi nyumbani na fungu la kwanza la uzi, lile alilokuwa nalo stoo kwa bahati. Mama alikuwa barazani, jembe alilolitia mpini mpya limeegemezwa ukutani, na mzazi mmoja amekaa kwenye benchi na sweta la mtoto magotini. Nililishika fungu la uzi karibu na sweta hilo. Rangi zilikuwa zilezile.

"Amekubali?" mama akauliza.

"Amekubali. Ila uzi lazima tununue kwake tu."

Alilichukua fungu, akalipima kwa mkono. Nilimwona anatafakari, na nilijua anafikiria hilohilo lililonisumbua mimi. Kisha akaketi kwenye mashine, akaupitisha uzi mahali pake, na kabla ya kusukuma kigari akachukua simu.

Dada yake alipokea akiwa shambani, tulisikia upepo. Mama alimsalimia kwa Kirundi, akauliza habari za watoto na za mvua, hana haraka. Halafu akamwambia, "Msimu huu panda bila mimi," akaiweka simu chini, akamwomba mzazi ampe sweta.